Risiti za Mwanamkasi

Naziweka risiti kwenye kopo la biskuti,
zake upande huu, zangu upande ule,
na Jumapili usiku navaa miwani, napiga hesabu.
Maziwa: peni thelathini zaidi.
Vitunguu, vinavyotoza machozi vile vile,
peni arobaini.
Mkate, heri nisiutaje.

Duka la rahisi tunalo chini ya kilima,
hatua mia mbili kutoka mlangoni petu:
taa kali, maboksi yaliyochanwa midomo,
ndizi zimelala mle mle zilimosafiria.
Mke wangu hulipita.
Hulipita na mvua ya Novemba, kigari chake kikigonga mawe,
akaupanda mwinamo wa Sheffield unaowashusha waendesha baiskeli,
hadi duka la juu,
la wenye mbwa waliovishwa makoti.

Watu wana sababu zao, nimewauliza.
Okwir wa ghorofa ya pili anaapa
nyama ya juu haitoi maji kikaangoni.
Penelope, mwalimu, anasema kule hakutani na wanafunzi wake
wakichungulia amenunua chupa ngapi.
Mama Sihaba hununua chini, ila mfuko ni wa juu,
mfuko mmoja, mwaka wa tatu sasa, unakunjwa kama kanga ya kutokea;
ukimsalimia, anaugeuza maandishi yakutazame.
Nilicheka.
Kisha nikaikumbuka kalamu yangu ya rangi ya dhahabu,
haina wino,
kifuani mwa shati, miaka ile, Korogwe.

Mwanamkasi hanijibu.
“Wewe hesabu,” husema,
na kukata vitunguu vyake vya bei.

Jumamosi moja nikamfuata.
Si kwa wivu. Kwa hesabu.
Nikajibanza penye jibini, ambazo majina yake sikuyaweza,
na watu wakaniomba radhi kwa kosa nililolifanya mimi.

Kaundani alikuwapo mzee, Clifford, jina liko kifuani.
Kila trei ya mayai aliifungua,
akaligusa yai moja moja kama anayehesabu watoto garini.
Mbele ya mke wangu bibi mmoja alitafuta chenji,
sarafu akazitandaza, akazichambua kama mchele,
na nyuma yake hakuna aliyeguna.
Mwanamkasi alisimama akingoja,
mkono wa kuume ameushika kwa wa kushoto,
ule mkono unaolala na bendeji ngumu.

Hapo ndipo hesabu yangu iliporudi nyuma.
Miaka sita alikaa kaunda ya duka la chini,
mashine ikimhesabu yeye kabla ya bidhaa:
vitu vingapi kwa dakika,
na namba pembeni mwa kioo, ikawa nyekundu akikohoa.
Usiku vidole vyake vilivuta blanketi,
kikavuta, kikavuta, kitu hiki, kitu kile,
na mdomo, usingizini: tii. Tii. Tii.
Mimi niligeukia ukutani.
Nilikuwa na zamu alfajiri.

“Mkono haujambo?” Clifford alimuuliza.
“Baridi ikija, unanishtaki.”
Akampangia vizito chini, mkate juu,
taratibu,
kana kwamba jioni nzima ni yao.

Pauni mbili na peni thelathini na tano.
Nimeitafutia safu daftarini, sijaipata:
si chakula, si dawa, si nauli.
Nimeiacha pembeni, haina jina.

Mchele bado nanunua chini. Sijawa kichaa.
Juzi msichana wa kaunda aliuvurumisha mfuko wangu,
nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyejifunza jambo,
“Polepole, mwanangu. Mimi sina haraka.”
Macho yake yakaenda pembeni mwa kioo, yakarudi.
“Mimi ninayo,” akasema.